Nusu ya Mwinyi

Wageni wa Kiholanzi walifika Jumamosi na gari lililojaa watoto na maboya, wakapokea funguo za nyumba ya Poggio Vento, wakaenda kununua kuku. Jumapili mchana kuku alitoka kwenye oveni akiwa nusu. Upande wa kulia ulikuwepo, umeiva vizuri. Wa kushoto haukuwepo, na uti wa mgongo ulikuwa umepasuliwa sawasawa toka shingoni hadi mkiani. Chupa ya mvinyo, ambayo kizibo chake kilikuwa hakijaguswa, ilikuwa na mvinyo hadi katikati tu. Bwawa la kuogelea nalo lilikuwa nusu.

Kufikia Jumatano kila mtu wa familia ile alikuwa amebaki na kandambili ya mguu wa kulia. Baba mtu alimpigia simu Fosco Tinacci, anayezipangisha nyumba hizi kwa niaba ya kampuni ya Milano, akamwambia bila kupandisha sauti kwamba mfanyakazi wake wa usafi ni mwizi.

Mfanyakazi wa usafi alikuwa Zelinda, mjane wa miaka hamsini na nane aliyezaliwa katika nyumba hiyohiyo, kwenye chumba ambacho sasa kina meza ya biliadi. Hakuwa na pensheni ya maana. Kazi ndiyo iliyomlisha, na jina safi ndilo lililompa kazi. Katika mji mdogo kama wetu wa Montaresco, mwanamke akishaitwa mwizi hapewi funguo za mlango wowote.

"Bi Zelinda, leta funguo," Fosco alimwambia getini. "Na mkoba wako ufungue. Nusu ya kuku, shangazi? Si bora ungeiba mzima, mtu akaelewa?"

"Fosco, nimekufuta kamasi wewe, usinichezee. Hiyo ni nusu ya Mwinyi. Unajifanya huijui?"

Fosco aliijua. Kwa karne nyingi waliolima Poggio Vento walimpelekea mwinyi wao mjini nusu ya kila kitu, ngano, mafuta ya zeituni, mayai ya Pasaka, hata kuni. Kisha sheria ikaufuta ugawanaji ule, wakulima wakahamia viwandani, Mwinyi akaiuza nyumba kwa bei nzuri, na kampuni ikachimba bwawa palipokuwa zizi. Nyumba yenyewe hakuna aliyeiarifu. Miaka yote ilipokaa tupu haikuwa na cha kugawa. Waholanzi walikuwa wapangaji wake wa kwanza. Na kwa kuwa mikokoteni ya ng'ombe haikuwepo tena, nyumba ilimpelekea Mwinyi nusu yake yenyewe.

"Stori za bibi yako hazimrudishii Mholanzi kuku wake," alisema Fosco.

"Basi twende kwa Mwinyi ukajionee."

Walipanda mlima, Fosco akimfokea njia nzima. Mwinyi Ranieri Belcastri, mzee mwenye sweta lililotoboka viwikoni, walimkuta kwenye ghala la chini ya jumba lake, akitafuna paja la kushoto. Kandambili za kushoto zilikuwa zimepangwa ukutani, na mapipa ya mvinyo yalijaa maji yanayonuka klorini.

"Naona mwaka huu mmeanza mapema," alisema Mwinyi. "Vizuri."

Fosco alivua kofia. Sauti iliyokuwa ikimpigia kelele mjane barabarani ikawa mnong'ono. "Samahani kwa usumbufu, Mwinyi. Tulidhani vimeibwa."

"Nani aibe? Ni haki yangu."

"Bila shaka, Mwinyi." Akamgeukia Zelinda. "Haya, shangazi, yamekwisha. Jumamosi njoo kazini kama kawaida." Huko ndiko kumwomba radhi kwake kote.

Zelinda hakumsikia. Alikuwa ameingia ndani zaidi, kwenye rafu za nyuma. Ghala lile haliozeshi kitu. Nusu za vizazi vyote zilikuwa humo, magunia ya ngano, mitungi ya mafuta, majogoo wa Krismasi na mayai yenye joto bado, na vingi havikuwahi kuguswa. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na foronya nyeupe iliyofungwa kwa utepe mwekundu, pindo la gauni la mama yake. Fundo lilikuwa la mama yake pia.

Mwaka lilipofungwa fundo lile, mvua ya mawe iliiangamiza ngano. Mama akaokota kokwa msituni, akazikausha, akasaga, na msimamizi wa Mwinyi akaja akapima unga na kudai nusu. Zelinda, mtoto wa miaka tisa, aliibeba foronya ile mwenyewe hadi mjini, akikanyaga theluji. Unga waliobaki nao uliisha Januari. Februari mdogo wake Settimio aliacha kuomba chakula, kisha akafa.

"Hamkuufungua," alisema.

Mwinyi alichungulia juu ya miwani. "Upi? Aa, unga wa kokwa. Sisi hatuli huo. Unajaza gesi."

"Sasa mliuchukulia nini?"

"Ilikuwa nusu yangu," Mwinyi alijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na nikifika hapa bado nashikwa na hasira. Hakuwa hata mkali. Angekuwa mkali, mtu angejua la kumjibu.

Zelinda aliinyanyua foronya, akaikumbatia, akaelekea kwenye ngazi.

"Wee Zelinda, hiyo ni yangu," Mwinyi aliita.

Fosco akamziba njia. "Rudisha, shangazi. Mbele ya macho yangu, jamani? Sasa huu ndio wizi."

"Nipishe."

"Nikikupisha, kazi huna. Na mji mzima nitauambia."

"Uambie. Na kilichomo uwaambie."

Akamtupia funguo, akapita.

Fosco aliwaambia kweli, ila kilichomo hakukitaja. Wageni wa wiki iliyofuata walielezwa wanunue chakula mara mbili, wakanunua bila kinyongo. Mwinyi alilalamika kwamba samaki alikuwa na miba mingi, na Fosco akamwomba radhi. Zelinda hakupata tena mlango wa kusafisha. Jioni ya siku aliyotoka ghalani aliupika unga wote, na harufu yake ikawafikia majirani, watu ambao mama zao nao waliupanda mlima ule na mifuko kichwani. Walifunga madirisha. Hawakutaka harufu ya kitu cha wizi iingie majumbani mwao.