Mabuti ya Kituo cha Kumi na Mbili

Jumatatu saa kumi jioni mpiga chapa mstaafu alipangusa meza ya sebuleni, akatandaza ramani ya nchi nzima, akaibana pembe kwa vikombe vitatu na kopo la sukari. Mdogo wake, fundi saa, alikuja na rula na penseli aliyoichonga kwa kisu. Dada mtu alikuwa na miaka sitini na minne, mdogo mtu sitini na mmoja. Walikuwa wanapanga kuvuka nchi kwa miguu, shanta mgongoni, kutoka mpaka wa kaskazini hadi mpaka wa kusini, kwa miezi minne.

Safari hiyo ilikuwa ya baba yao. Marehemu alikuwa nyapara wa barabara kuu, ile iliyoipasua nchi toka juu hadi chini kama mshono wa suruali. Alirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, ananuka lami na moshi wa kuni. Alipokwisha kuoga aliwapakata wanawe, mmoja goti hili, mwingine goti lile, akawasimulia barabara yake kituo kwa kituo: mashamba ya miwa, kinamasi cha vyura wanaokohoa kama wazee, msitu wa mianzi ambamo mchana hauingii, daraja la chuma.

“Mkikua tutaitembea yote,” aliwaambia. “Kwa miguu. Ndani ya gari mtaona visogo vya watu tu.”

Walikua. Binti akapiga chapa barua za watu kwa miaka thelathini na mitano, mwana akajiinamia kibandani na lenzi jichoni, na baba akafia kitandani, miguu imemvimba. Mke wa fundi saa alipofariki, fundi alihamia kwa dada yake, katika nyumba ileile ya baba, na kabla hajatua hata sanduku aliuliza, “Dada, ile safari tuliisahau?”

“Nani kasahau? Nilikuwa nakungoja wewe.”

Basi wakawa wanapanga kituo kimoja kila siku. Kilomita ishirini na tano, huo ndio mwendo walioona unamfaa mtu mwenye mzigo na magoti ya zamani, na fundi saa alikwisha kuupima kwa penseli hadi mpaka wa kusini. Fundi saa alichora mstari, dada akaupiga chapa kwenye ratiba. Shanta mbili zilining'inia msumarini karibu na mlango, na chini yake zilikaa pea mbili za viatu vipya ambavyo hakuna aliyekuwa amevivaa.

Asubuhi ya Jumanne viatu vilikuwa na vumbi jeupe la mpakani. Mpiga chapa alivikung'uta ukutani, akaenda kuchemsha chai. Jumatano vilikuwa na masizi ya miwa iliyochomwa.

“Vimefika,” alisema fundi saa, akatia alama ya vema kwenye ratiba.

Baada ya kinamasi ilibidi vianikwe siku mbili, na ratiba nzima ikasogezwa mbele. Dada alianza kuamka na maumivu ya mapaja, maumivu matamu ya mtu aliyetembea kutwa, na usingizi wake ukawa mzito kama wa utotoni. Muuza mkaa wa jirani aliviona viatu vikianikwa ukutani, akauliza walikuwa wapi.

“Mianzini,” alijibu mpiga chapa.

“Huko mvua imeshakatika?”

“Bado bado.”

Ndani ya kiatu cha kushoto siku hiyo alikuta jani la mwanzi. Alilinusa, na ghafla alikuwa na miaka saba, pua yake imezama kwenye koti la baba lililotundikwa nyuma ya mlango. Hakulitupa. Alimpelekea mdogo wake kibandani, naye akavua lenzi, akalinusa, akakaa nalo mkononi hadi mteja alipogonga meza.

Kituo cha kumi na mbili kilikuwa kati ya mianzi na daraja. Baba hakuwahi kukisimulia. Walipokuwa wadogo wakimuuliza, alisema, “Hapo nililala garini,” akaruka hadi darajani. Kwenye ramani ilikuwa kona tu, chini ya kilima. Fundi saa aliichora, dada akaipiga chapa.

Kesho yake asubuhi, kando ya viatu vyao, kulikuwa na pea saba za mabuti ya mpira. Yalisimama kwa mstari, pua zikitazama ndani ya nyumba, yamejaa udongo mwekundu ulioshindiliwa hadi juu. Mpiga chapa aliyahesabu, akaleta upawa mkuukuu, akakaa kizingitini kuuchokonoa udongo, maana mpira ukiachwa hivyo hupasuka. Ndani ya kila buti palikuwa na namba kwa rangi nyeupe. Ile saba ilikuwa na mkia uliopinda na mkato katikati. Ndivyo baba alivyoiandika kwenye madaftari yao ya shule.

“Watu wengi wanaandika saba hivyo,” alisema fundi saa.

“Nitajie mmoja.”

Fundi saa aliligeuza buti, akaifuata ile saba kwa kidole.

Dada alikumbuka siku moja alipokuwa na miaka tisa. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama mlangoni hapohapo akimuulizia mumewe. Baba alikuwa amevaa fulana, shavu moja lina povu la kunyolea.

“Ametoroka, mama,” alisema. “Wametoroka saba. Nimeshaandika.”

“Ametoroka pekupeku?” aliuliza yule mwanamke. “Mbona viatu vyake mmeniletea?”

Baba aliufunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Jioni ile aliwasimulia kinamasi mara mbili.

“Kilima kiliwaporomokea wale saba,” alisema mpiga chapa, upawa ungali mkononi. “Na barabara ilikuwa na siku yake ya kufunguliwa. Wakapitisha lami juu yao.”

“Baba hakuwa mtu wa hivyo. Baba alikuwa anatupakata.”

“Ndiyo, mdogo wangu. Huyohuyo.”

Waliyatia mabuti kwenye shanta, wakaenda nayo ofisi ya barabara. Karani wa kumbukumbu, mwanamke mchangamfu mwenye sweta la kijani, alishuka chini kwenye makabati na kurudi na jalada lililoliwa na mende. Alisoma kwa kidole: “Vibarua saba, watoro. Mabuti pea saba, hayajarudishwa.” Alilinganisha namba moja baada ya nyingine, uso ukamkunjuka.

“Miaka hamsini na mitano! Kumbe waaminifu bado wapo.” Akaandika kwamba mabuti yamepokelewa, akagonga muhuri.

“Na wenyewe?” aliuliza mpiga chapa.

“Wenyewe akina nani?”

“Wenye mabuti. Hawakutoroka. Wako chini ya barabara yenu, pale konani.”

Karani aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa nje kuna mawingu. “Ndiyo maana. Pale lami inapasuka kila mwaka, na kila mwaka tunaziba. Lakini mama, mimi ni wa vifaa. Nimefunga habari ya mabuti. Watu walikuwa wa idara ya vibarua, na idara ilivunjwa. Hakuna tena mwenye mkono wa kubadilisha maandishi yao.”

“Kwa hiyo wanabaki watoro.”

“Wanabaki hivyo,” alisema karani, akawasindikiza kwa heshima hadi getini.

Asubuhi mabuti yalikuwa mlangoni tena, na muhuri wa ofisi juu ya kila pua. Fundi saa aliyapita bila kuyatazama, na kwa siku tatu hakugusa rula. Ratiba ilikaa kwenye mashine, viatu vikakaa bila vumbi. Siku ya nne, saa kumi jioni, alitandaza ramani mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Yale mabuti ni mazito,” alisema. “Kilomita ishirini na tano wale saba hawataziweza.”

“Tufanye ngapi?”

“Kumi na nane.”

Akachukua kifutio, akafuta kila ishirini na tano kuanzia pale hadi mpaka wa kusini. Miezi minne ikawa karibu sita. Dada alitia karatasi mpya kwenye mashine. Palipohitaji wasafiri aliandika jina lake, akaandika la mdogo wake. Majina mengine hakuwa nayo, na hata kwenye jalada hayakuwamo. Aliacha mistari saba mitupu, kisha akaendelea: Kituo cha kumi na tatu. Darajani.