Vidole vya Mshona Nyavu

Bertin, jirani, alisimulia hivi: wakati wa vita, watu walipokimbilia rasi ya Ubwari, mzee mmoja mwenye ugonjwa wa sukari alikosa pa kupimwa. Akawa anakojoa mchangani, halafu anangoja. Sisimizi wakija, sukari iko. Asubuhi moja hawakuja.

"Palepale akakula ndizi mukungu muzima," Bertin akaapa, "na mupaka leo iko anavuta nyavu!"

"Na maganda, aliacha?" Espérance akamuuliza.

Yeye hakuamini. Lakini mama yake, Mama Suzanne, aliamini kabla hadithi haijaisha. Alikuwa mshona nyavu pale kijijini Lweba, na ncha za vidole vyake zilichoka kwa matundu ya sindano ya kupimia sukari. Kila uzi ulipopita pale aling'ata mdomo. Vita vilikuwa vimemaliza nyavu za watu, na wavuvi waliorudi walimtazamia yeye.

Basi siku tatu Mama Suzanne alikwenda nyuma ya kichanja cha kukaushia samaki, mahali pa faragha. Siku tatu, hata sisimizi mmoja. Akaacha vidonge. Akala viazi vitamu kama mtu wa harusini.

Espérance akatazama. Kidumu cha maji kilikuwa kinaisha kabla ya saa sita. Mama alikuwa anasinzia, wavu magotini. Espérance akaenda mwenyewe nyuma ya kichanja na kuona majivu, yale wanayomwaga pale miaka yote. Akatafuna muwa, akatupa kapi moja juu ya majivu, lingine mlangoni. Mchana, la mlangoni lilikuwa jeusi kwa sisimizi. La majivuni lilikuwa jeupe vilevile.

"Mama, sisimizi banakimbia majivu. Haukupona."

"We mutoto, unanichungulia mupaka kwenye mukojo?"

"Ndiyo, nakuchungulia."

Mama akacheka. "Mavidole sitoi tena. Nitashona na nini, na meno?"

Espérance akatembea mpaka mjini Baraka kwa Pulchérie, muuguzi aliyeficha mashine ya sukari ndani ya gunia la mihogo tangu dispensari iporwe. Pulchérie alicheka habari ya sisimizi mpaka akafuta machozi. Halafu akamwonyesha nyama ya kiganja, chini ya kidole gumba: mashine inakubali damu ya pale pia.

"Lakini akitetemeka na kutoka jasho, sukari inashuka mbio na kiganja kinachelewa kuonyesha; umutoboe kidole. Bila huruma."

Akamwazima mashine, na sindano chache.

Kesho yake, kabla ya chai, Espérance alijitoboa kiganja chake mwenyewe mbele ya mama. Tone dogo likatoka. Akavichezesha vidole vyote vitano.

"Umeona? Vidole biko bizima."

Mama Suzanne aliuvuta ule mkono, akaufuta kwa pindo la kitenge, akaanza kupapuliza polepole, kama zamani mtoto alipoanguka.

Espérance akachukua sindano mpya kwa mkono mwingine.

"Sasa wewe, Mama. Nipe kiganja."

Mama akaendelea kupuliza, huku akimnyoshea mkono wake mwingine, kiganja juu.