Kocha wa Jamleck

Daktari alimwambia Jamleck polepole, kama anayeongea na mtoto: figo yako inamfaa dada yako, ila kwa uzito huu hatuwezi kukupasua. Tembea nusu saa kila siku, punguza chapati, urudi baada ya miezi mitatu.

Nusu saa! Jamleck aliona ametukanwa. Dada yake Wamuyu anasafishwa damu kila wiki, uso umefura kama andazi, halafu yeye aambiwe atembee kama mama mjamzito? Akaamua kutafuta kocha.

Na katika mtaa mzima wa Section 58 aliona kocha mmoja tu: Kemboi, fundi wa simu, mwenye miguu mirefu na jina la mkimbiaji. Hakuna aliyewahi kumwona Kemboi akikimbia, hata mvua ikimkuta barabarani. Lakini Kemboi ni Mkalenjin, kabila la wakimbiaji. Maswali ya nini?

“Bosi, nisaidie. Nyinyi mnazaliwa na hii kitu.”

Kemboi alifungua mdomo aseme ukweli. Mama wa mboga wa kibanda cha pili akamwahi: “Kumbe kocha tulikuwa naye hapa hapa!” Ukweli ukarudi tumboni.

“Tutaanza na milima,” akasema Kemboi. “Kesho asubuhi, mlima wa Dundori.”

Jamleck, muuza viazi, aliujua mlima ule akiwa ameketi kwenye lori. Ukiwa umeketi, ni mlima mfupi sana. Kemboi alitangulia akipiga makofi ya kumtia moyo, kisha akaacha makofi ili abaki na pumzi. Mama mmoja aliyebeba mtungi wa maziwa akawapita.

“Mzee, nani anakufukuza?”

“Figo!” Jamleck akajibu, akihema.

Waliendelea hivyo kila asubuhi hadi goti la Jamleck lilipolia kama kuni kavu. Likafura. Akakaa kitini wiki nyingi, na mke wake Cate, kwa huruma, akamletea mukimo wa viazi na mahindi, sahani baada ya sahani. Kilo zilizokuwa zimeondoka zikarudi, na marafiki zao.

Siku moja Kemboi alikuja na machungwa, akakaa ukingoni mwa kiti.

“Jam, mimi sijawahi kukimbia. Shuleni nilikuwa goalkeeper.”

“Hata nyumbani kwenu hakuna mkimbiaji?”

“Mjomba wangu alikimbia deni.”

Jamleck alicheka mpaka goti likauma. Kisha akamenya chungwa. “Basi tutembee,” akasema. “Hiyo nusu saa.”

Wakatembea, kila asubuhi, mmoja akichechemea na mwingine akijifanya hana haraka. Chapati zikapungua. Na kumbe ilifanya kazi, hilo ndilo lililouma: suruali ikaanza kuteleza kiunoni, pumzi ikarefuka, na bila mlima wowote.

Waliporudi hospitalini walikuwa wamechelewa sana. Daktari alitazama mizani, akasema amefanya vizuri, lakini hakutabasamu. Moyo wa Wamuyu ulikuwa umechoka. Hauwezi tena kustahimili upasuaji. Kama wangekuja wakati ule waliopangiwa, labda.

Wamuyu alikuwa amelala kwenye mito mitatu. Akamkagua kaka yake kuanzia juu hadi chini.

“Ai, Jam! Umekuwa kijana. Sasa suti itakutosha.”

“Suti ya nini?”

“Ya kunizika. Nilikuwa naogopa utapasua koti mbele ya wageni.”

Jamleck alimshika mkono, akautazama.

Asubuhi iliyofuata Kemboi alifika langoni kama kawaida.

“Jam! Twende basi.”

Cate akatoka, akatikisa kichwa. Kemboi alisubiri hata hivyo, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mpaka maduka yakafunguliwa, naye akaenda kwenye simu zake. Ndani, Jamleck alisikia hatua zikiondoka. Alikuwa ameketi kitandani, viatu ameshavaa, kamba ameshafunga.