Dawa Iliyokuwa Kabatini

"Ana dawa kabatini, anamnyima mama yake mzazi!"

Kaka yangu aliyasema hayo kwenye korido ya wodi ya upasuaji, mbele ya shangazi, mbele ya mama mdogo, mbele ya manesi na wagonjwa waliokuwa wakijikongoja na magongo. Hakuninong'oneza. Alipaza sauti kama anayenadi mitumba. Shangazi akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Mwanangu, ni kweli?"

Damu ilinipanda hadi masikioni nikawa sisikii vizuri. Miaka imepita, lakini hasira ile nikiigusa bado ina moto.

Mama alikuwa ameteleza bafuni, mfupa wa ugoko ukavunjika. Alifungwa chuma ndani, tukadhani yameisha. Kumbe kidonda kilikuwa na yake. Kilikauka juu, kikapasuka, kikatoa usaha, kikakauka tena, na mguu ukaanza kunuka. Mama, mwanamke aliyefua hata matambara ya jikoni kwa maji ya moto, aliionea aibu harufu ile kuliko alivyoyajali maumivu. Daktari wa upasuaji alibadilisha dawa mara baada ya mara. Mwishowe akatuita mimi na kaka ofisini kwake, akavua miwani.

"Bakteria hawa wamezizoea dawa zote nilizo nazo," alisema. "Tusipoukata mguu, watahamia kwenye damu."

Kaka ana duka la dawa. Mtaani humwita Dokta, naye huitika bila kupepesa macho. Tangu nikiwa na sare za shule nilimwona akizikata karatasi za antibiotiki kwa mkasi: vidonge viwili kwa mwenye kikohozi, vinne kwa mwenye jipu, vya rangi mbili kwa anayeharisha. Dozi nzima ilikuwa ya wenye nazo. Na katika wateja wake wote hakuna aliyemshinda Mama kwa uaminifu. Akipiga chafya, kidonge. Akichoka kwa kufua, kidonge. Alivimeza kwa fahari ya mzazi aliyemzaa Dokta. Akipata nafuu kidogo anaacha, vilivyobaki anamgawia jirani. Nilisema mpaka mate yakanikauka. Jibu la kaka halikubadilika: "Mdogo wangu, wewe na vitabu vyako, mimi na watu wangu."

Vitabu vyangu vilinifikisha kwenye maabara ya chuo kikuu, ng'ambo tu ya ua wa hospitali. Tulikuwa tukitengeneza chembe za fedha, ile fedha ya vito, ndogo kiasi kwamba maelfu yake yangejipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Zikiwa ndani ya maji zilionekana njano, kama chai nyepesi isiyo na maziwa. Nilipomweleza Mama kwamba chembe hizo huwatoboa bakteria ngozi yao, alicheka hadi akashika mbavu. "Ala! Nao wanauawa na fedha? Nilidhani ni sisi tu."

Yeye mwenyewe ndiye aliyekubali usaha wake upelekwe maabara. Tuliwaotesha bakteria wale, tukawadondoshea fedha, wakafa. Nikafanya kosa la kufurahi simuni, na Mama akamsimulia kaka. Ndipo likazuka la dawa iliyofichwa kwenye kabati la maabara.

Turudi pale koridoni. Nilimshika kaka mkono wa shati, nikamvuta kwenye ngazi, tukakata ua juani, hadi maabara. Nilimvika koti na glavu kama ninavyowavika wanafunzi, nikamwekea mezani sahani ya kwanza ya kuoteshea bakteria.

"Hivi vijiduara vya karatasi vina dawa unazouza wewe. Tazama."

Bakteria wa Mama walikuwa wametambaa hadi kwenye kingo za karatasi, utando mzito wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Walijilalia juu ya dawa zake kama watu waliofika kwao.

Sahani ya pili nayo ilikuwa na utando uleule, lakini palipodondoshewa fedha palikuwa na duara safi, halina hata doa.

"Si ndiyo hiyo!" Kaka karibu aishike. "Inaua! Sasa unangoja nini?"

Nikamwelekeza aweke jicho kwenye hadubini. "Na hizo ni seli za ngozi ya mtu. Zimepewa fedha kipimo kilekile."

Seli zilitakiwa ziwe zimebanana kama vigae vya sakafu. Zilikuwa zimejikunja, zimeachana, zimekufa. Kaka aliitazama tena ile sahani, akarudisha jicho kwenye hadubini.

"Inaua bakteria, inaua na mwenye bakteria," nilisema. "Tunatafuta kipimo kidogo, pengine kikichanganywa na dawa ya zamani. Hatujakipata. Au nimmiminie Mama hii mfupani, halafu wewe ukawaeleze kina shangazi?"

"Kwa hiyo hamna kitu."

"Bado."

"Bado," aliirudia, midomo ameikunja. "Miaka yote hiyo ya kusoma, bado."

Hapo ndipo nilipolipuka.

"Kitu kilikuwepo! Dawa zilikuwepo! Zilikuwa zinatibu kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Umezikata kwa mkasi, kaka. Wewe na wenzako mmekaa kwenye viti virefu mkawafundisha bakteria, kidonge kwa kidonge, mpaka wakahitimu!"

"Na yule asiyeiweza dozi nzima?" Naye sasa alikuwa anapiga kelele. "Nimwambie aende akafe? Wewe ungemwambia nini?"

Nilimsogezea tena sahani ya kwanza.

"Mama alikuwa anaiweza," nilisema. "Mama ulikuwa unampa bure."

Alivua glavu moja moja, akaziweka mezani, akatoka na koti langu la maabara mwilini.

Asubuhi daktari wa upasuaji alikuja na maneno yake ya kuzungukazunguka. Mama akamkatiza. "Mtu mzima hatishiwi nyau, daktari. Kata." Kisha akatugeukia sisi tuliosimama kila mtu upande wake wa kitanda. "Na nyinyi wawili, msigombanie mguu usio wenu."

Ukakatwa chini kidogo ya goti. Mama alipona, akajifunza magongo, akawa anawatania wauza viatu kwamba kwake biashara imepungua nusu. Aliucheka mguu wake ili sisi tusilie. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira nisizojua pa kuziweka: kwa kaka, kwa waliomjazia rafu vidonge bila kumuuliza kitu, kwa hadubini yangu isiyo na haraka.

Mama alipotoka wodini nilipita dukani, nikamkuta kaka anakata vidonge. Viwili, kwa mwanamke mwenye mafua. Niliingia nyuma ya kaunta mbele ya wateja, nikamnyang'anya mkasi, nikautupa mtaroni. Alinunua mwingine. Tangu hapo, kwenye meza ya Mama, aliyetaka chumvi alimwomba Mama amwombe mwenzake.

Kipimo tulikipata, baada ya kukosea sana. Fedha kidogo, dawa ya zamani kidogo, ndani ya bandeji. Tuliruhusiwa kuijaribu kwenye wodi ileile. Kuna vidonda vilivyofunga. Kuna ambavyo havikufunga. Na juzi juzi, kwenye sahani moja, niliona kitu nilichokuwa nakiogopa: doa dogo, jeupe, katikati ya duara safi. Bakteria aliyeizoea fedha.

Siku hiyohiyo mchana kaka akanipigia simu.

"Kuna bwana kaleta krimu," alisema. "Ya chembe za fedha. Eti ya chunusi, na kung'arisha uso. Nikaona nikuulize."

Chunusi. Nilikaa kwenye kiti. Sahani yenye doa jeupe ilikuwa bado mezani mbele yangu.

"Usiiuze."

"Wenzangu mtaa mzima wanaiuza."

"Kaka. Usiiuze."

Upande wake nikasikia mlango ukilia, na sauti ya mwanamke ikitaja kikohozi, ikiomba antibiotiki, vidonge viwili tu vinatosha. Kaka hakukata simu.

"Umepimwa, mama?" alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayejua kuna anayemsikiliza.

Nami sikukata.