Jina Ambalo Rozalia Hakulitaja

Jumatatu Rozalia alipewa nakala ya mwenendo wa kesi yake. Aliifunga kwenye kitenge, akapanda bodaboda hadi Gungu kwa Mzee Bonifasi, karani mstaafu wa mahakama. Hukumu ilikuwa Ijumaa. Shemeji yake Telesphory alikuwa anakitaka kiwanja alichoachiwa na marehemu Adolf, mume wake, na baraza la ardhi likimpa, Rozalia na binti zake wangetoka na vyombo vyao.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Scola. Umeniletea dagaa au makaratasi?"

"Makaratasi. Nimesoma ukurasa wa kwanza mara nne, darasa la saba langu limegoma. Huyu S.M.1 ni nani? Kila mahali yeye, mimi sijioni."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "S.M.1 ni wewe! Shahidi wa mdai, wa kwanza. S.U.1 ni shemeji yako, shahidi wa utetezi. Majina yako juu, huku chini mnakwenda kwa namba."

"Na Kiel. 1?"

"Kielelezo cha kwanza. Ile barua yenu ya kupewa kiwanja."

"Hapa wameandika kutajwa, kutajwa, kutajwa."

"Siku ya kutajwa hakuna ushahidi. Wanaangalia tu jalada limefika wapi."

"Yesu wangu! Mimi nilikuwa nabeba mashahidi wote kutoka Kibirizi, wanawaachia kunguru dagaa zao."

"Kunguru wanakushukuru," alisema Mzee, akafungua ukurasa uliofuata. Hapo akaacha utani.

"Dodoso, maana yake maswali ya mpinzani wako. S.U.1 anauliza: aliyeandika Kiel. 1 anaitwa nani? S.M.1 hakujibu. Swali linarudiwa. S.M.1 hakujibu." Akavua miwani. "Mama Scola, hili nalo lilikushinda?"

"Halikunishinda. Ni baba mkwe."

Mzee naye ni Muha, alielewa. Rozalia alipoolewa alifundishwa kwamba mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe, na kwa miaka thelathini na moja hakulitaja hata kwenye misa ya mazishi yake. Telesphory alilijua hilo. Wana wa yule mzee walitumia jina lake la ubatizo, Petro, kama jina la baba kwenye karatasi zao, lakini barua aliiandika kwa jina lake la Kiha. Rozalia alipokaa kimya, Telesphory aliliambia baraza kwamba mtu wa jina hilo yeye hamfahamu.

"Atakayeandika hukumu hakuona heshima yako," alisema Mzee. "Ataona karatasi, na karatasi inasema mwenye barua humjui. Kesho nenda kaombe S.M.1 aitwe tena kabla ya hukumu. Sababu uieleze mwenyewe."

"Na jina?"

"Na jina ulitaje."

Rozalia alipitia kanisani, akasali rozari nzima, kisha akamwomba marehemu baba mkwe radhi. Kesho yake alipeleka ombi.

Ijumaa mwenyekiti wa baraza alilisoma ombi hilo, akamsikiliza Rozalia akieleza desturi ile, akakubali. Telesphory aliruka.

"Mheshimiwa, kafundishwa huyu!"

"Kaa. Zamu yako inakuja. Mama, barua hii aliiandika nani?"

Rozalia alishika kizimba kwa mikono miwili. Wazee wa baraza walimtazama, kalamu ya mwenyekiti ikasubiri.

"Ntahondi," alisema. "Kanisani Petro, nyumbani Ntahondi. Ni baba mkwe wangu."

"Shemeji!" Telesphory alikuwa amesimama tena. "Unamtaja mzee wetu hadharani, huna haya?"

Mzee mmoja wa baraza alijikohoza ili asicheke. Mwenyekiti hakuinua macho.

"Mzee wenu nani?"

Telesphory akakaa.

"S.U.1," mwenyekiti alisema huku akiandika, "anamfahamu Ntahondi. Una dodoso?"

"Sina."

Hukumu ilisogezwa wiki mbili. Ilipotoka, kiwanja kilikuwa cha Rozalia na wanawe. Telesphory hakumsalimia mpaka Pasaka, na hata siku hiyo, badala ya mkono, alimpa vidole viwili tu.