Fundo la Jumatatu

Nianze na aibu yangu mwenyewe, mtu asije akaisikia kwa majirani. Nimening'inia kwenye kamba miaka ishirini na miwili nikisafisha vioo vya maghorofa, mengine yana ghorofa thelathini, na sikuwahi kudondosha hata kipande cha sabuni. Kilichonivunja uti wa mgongo ni stuli. Stuli ya jikoni, ya miguu mitatu, niliyoipanda ili nibadilishe taa ya sebuleni, kwa sababu mke wangu alisema tumsubiri fundi na mimi nikamwuliza fundi gani tena zaidi yangu. Tangu siku hiyo natembelea kiti cha magurudumu, na mke wangu, kwa huruma zake, hanikumbushi zaidi ya mara moja kwa wiki.

Kampuni haikunitupa, lazima niseme kweli. Meneja wetu ni mwanamke asiyepoteza maneno. Alikuja nyumbani na simu mpya yenye kioo kipana, akaiweka mezani. "Mzee wangu," akasema, "miguu tumeikosa, lakini macho yako bado tunayataka."

Kazi yenyewe ni hii. Kila asubuhi saa moja na nusu, vijana wakishapanda juu ya paa na kufunga kamba zao, kabla mtu hajavuka ukingo, wananipigia simu ya video. Mmoja anashika simu, mwingine ananionyesha kila kitu: vyuma vya kufungia, fundo la kamba kuu, fundo la kamba ya akiba, kulabu na kufuli zake, mikanda ya kiunoni na ya mapajani. Mimi natazama nikiwa mezani kwangu, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Nikiridhika nasema neno moja tu: "Teremka." Bila neno hilo hakuna anayeshuka, hata mwenye jengo apige kelele mpaka sauti imkauke. Video yote inahifadhiwa ofisini.

Na anayeshuka wa kwanza ni binti yangu.

Nilimkataza. Mama yake alimkataza mpaka akapandwa na presha. Alikuwa na kazi yake nzuri dukani, ya kupima vitambaa na kuvikunja. Mwaka uliofuata baada ya mimi kuanguka akaja akasimama mbele ya kiti changu, akasema, "Baba, hukuanguka kwenye kamba. Ulianguka kwenye stuli. Basi mimi nitakaa mbali na stuli." Utamjibu nini mtoto wa namna hiyo? Nikamfundisha mwenyewe, kwa kamba niliyoifunga kwenye mguu wa meza ya kulia, miezi mitatu, mpaka rangi ya ule mguu ikaisha.

Nilimfundisha kama nilivyowafundisha wote, na hapa pana jambo lazima nilieleze. Kila Jumatatu, katika mafundo yangu ya asubuhi, moja nililifunga vibaya kusudi. Simwambii mtu. Mwanafunzi anatakiwa ayakague yote, alione, alifungue. Akilipita, wiki nzima anashinda chini akibeba ndoo za maji. Nilichagua Jumatatu kwa sababu siku hiyo mwili wa mtu uko kazini na akili bado iko Jumapili. Walinichukia, wakanisema nikiwapa kisogo, lakini hakuna hata mmoja niliyemfundisha aliyeanguka. Binti yangu alilipita fundo la Jumatatu mara moja tu. Alibeba ndoo wiki nzima bila kuninunia, na kuanzia hapo sikumnasa tena.

Sasa macho. Mwaka jana nilianza kuona ukungu. Nikadhani kioo cha simu ni kichafu, nikawa nakifuta kwa ncha ya shati, mke wangu ananitazama tu. Siku moja akasema, "Hicho kioo hakina kosa lolote, mzee." Akanikokota mpaka kliniki. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, upasuaji mdogo, wala silali huko. Nikamwambia mara ya mwisho kuingia hospitali niliingia na miguu, na tukarudi nyumbani.

Kwa meneja sikusema kitu. Mke wangu alinipigia methali ya mficha maradhi, nami nikajifanya sisikii, ili niwe kipofu na kiziwi kwa pamoja. Niseme ukweli: niliogopa. Saa moja na nusu ndiyo saa pekee katika siku yangu ambapo mtu ananisubiri. Nikiiachia hiyo, nabaki mzee wa kuhamishwa juani na kurudishwa kivulini.

Kwa hiyo nikawa nakisia. Mikono ya mwanangu naijua, fundo lake nalijua, nikiona tu umbo lake katikati ya ukungu najua limetoka kwake na liko sawa. Nilijitahidi kufoka kama kawaida ili wasinishuku. "Inua simu, unanionyesha mawingu!" Kisha nasema neno langu na kugeukia chai. Nikikosea mimi, anayeanguka ni mwanangu. Nililijua hilo kila asubuhi, na kila asubuhi nilisema "Teremka."

Wiki iliyopita, siku ya Alhamisi, meneja akatuma ujumbe. Kuna wafanyakazi wapya, akataka nimchagulie video tatu nzuri za kuwafundishia. Nikajiona mtu. Mke wangu akaiunganisha simu na televisheni, akanisukuma mpaka magoti yakakaribia kugusa kioo. Kwa ukubwa ule na ukaribu ule, niliona. Si vizuri, lakini niliona.

Tukaanza na ya Jumatatu. Vyuma, sawa. Kamba kuu, sawa. Picha ikahamia kwenye fundo la kamba ya akiba, na mimi nikasema, "Simamisha hapo."

Fundo letu kamba inazunguka mara mbili, nyuzi zikienda sambamba mwanzo hadi mwisho. Lile lilikuwa na mzunguko mmoja umeachwa. Mkia, ile ncha ya kamba inayobaki nje ya fundo, ulitokea upande usio wake. Ukiliwekea uzito wa mtu, linafunguka. Mwanafunzi wa wiki ya pili angeliona.

"Endelea," nikasema.

Sauti yangu mwenyewe ikatoka kwenye televisheni, imejaa na imeridhika: "Teremka." Kisha kikasikika kijiko kikikoroga chai. Sikuwa na tabia ya kukata simu; nikishasema neno langu niliiacha hapo kwenye kopo, sisikilizi tena, mpaka wakate wao. Na wao hawakukata upesi. Kwenye picha, mikono ya mwanangu ikalifungua lile fundo, polepole, ikalifunga upya inavyotakiwa. Mwenzake akaja akalivuta kulijaribu. Huyo mwenzake tunamwita Kimya, kwa sababu hanyamazi tangu anapoamka, lakini ukaguzi mzima hakuwa ametamka neno. Sasa akasema, kwa sauti ya chini, "Hakuliona tena."

"Funga ya kwako," binti yangu akamjibu.

"Mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Picha ikakatika. Nikamwambia mke wangu atafute Jumatatu ya kabla ya hapo. Mambo yaleyale. Tukarudi nyuma Jumatatu nyingine. Hiyo ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu ilikuwa ya kwanza na mtoto alikuwa bado ana matumaini. Baada ya mimi kusema neno langu, alilisogeza fundo bovu karibu kabisa na simu, akaliacha hapo muda mrefu, akaligeuza huku na huku. Kisha akauliza, "Baba, una hakika?" Nami nikajibu, na nilijisikia kwa masikio yangu haya, "Umeanza kunifundisha kazi?"

Hasira zikanipanda. Nikanyoosha mkono nipewe simu, nimpigie, nimwulize tangu lini mtoto anamtega baba yake. Mke wangu akanipa bila ubishi. "Piga," akasema. "Mwambie umekasirika kwa sababu amekukamata kwa mtego wako mwenyewe." Akakaa kwenye mkono wa kochi akisubiri. Nikaishika simu kwa muda, kisha nikaiweka mapajani. Nililia, sitaficha. Mke wangu akanishika bega, na wiki hiyo habari ya stuli haikutajwa kabisa.

Ijumaa saa moja na nusu simu ikaita. "Shikamoo, baba," akasema binti yangu. "Tuanze na vyuma?"

"Marahaba, mama. Msianze na chochote. Mwingizeni meneja kwenye simu."

Meneja alipoingia, nikasema kabla ulimi haujanirudi kooni. "Sioni. Nina mtoto wa jicho, mwaka sasa. Nimekuwa nikikisia."

Upepo wa paani ulikuwa ukivuma kwenye simu. "Baba," mwanangu akaanza.

"Jumatatu tatu, mama. Nimeziona kwenye televisheni."

Meneja hakunibembeleza, na sikustahili. "Mzee, umewaambia watu wateremke huku huoni?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na nyinyi wawili mlijua?" akauliza. Binti yangu akajibu kwamba alijua yeye, kwamba kila asubuhi walikuwa wakikaguana upya kwa mikono baada ya mimi kusema, na kwamba kosa la kunyamaza ni lake. Meneja akawaamuru washuke kwa ngazi, kazi ya siku hiyo imefutwa. Kisha akaniambia mimi, "Kuanzia leo neno la kuteremka si lako. Nitalisema mimi, nikiwa paani au nikiwa kwenye simu, na macho yangu yakiwa wazi."

Nilijua lingekuja, lakini liliponifika liliniuma kuliko mgongo.

"Meneja," akasema binti yangu, "naomba baba asitoke kwenye simu."

"Akae afanye nini?"

"Aulize. Hakuna anayeuliza kama yeye. Wewe utatazama, Kimya atashika kwa mkono, baba atauliza. Tukimjibu, ndipo tunapotazama vizuri."

"Kwa sharti moja," akasema meneja. "Anakwenda kupasuliwa."

Nikatazama upande wa jikoni. Mke wangu alikuwa ameshavaa viatu.

Nikapewa siku ya Jumatano. Kabla ya Jumatano ikaja Jumatatu. Saa moja na nusu simu iko kwenye kopo la sukari, meneja yuko kwenye simu ofisini kwake. Mimi nikayafumba macho kabisa, maana niliona ukungu unanipotezea wakati. Nikauliza vyuma vingapi, vimekazwa na nani, kuna kutu? Binti yangu akajibu. Nikauliza kamba kuu, nikauliza imepita juu ya ukingo wenye makali au imewekewa mpira. Akajibu. Kimya akaongeza maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Fundo la kamba ya akiba?"

"Liko sawa, baba. Nyuzi mbili, sambamba, hazikupandana. Mkia vidole viwili."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuuliza habari za mikanda. Nikaufunga.

"Umesema vidole vingapi?"

"Viwili."

"Viwili?" Nilipiga meza mpaka kopo likayumba na simu ikaanguka kifudifudi. "Mkia wa vidole viwili nani kakufundisha? Mkia ni kiganja kizima! Fungua! Fungua sasa hivi! Kimya, mshike huyo asisogee ukingoni! Meneja, usiseme neno, usiseme!"

Mke wangu akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Akaiinua simu, akaiegemeza tena, akanitazama kama nimepatwa na kifafa. Kwenye simu ulisikika upepo, halafu kicheko cha Kimya, halafu kicheko cha mwanangu, ambacho kilikatika katikati, akavuta kamasi.

"Ni kiganja kizima, baba," akasema. "Mkono wangu uko juu yake sasa hivi, na Kimya ameshapima. Leo ni Jumatatu."

Mke wangu akaketi, mwiko bado mkononi, akaanza kucheka polepole akijifuta macho kwa kanga. Meneja akakohoa.

"Mzee," akasema, "unayo maswali mengine?"

"Ninayo sita," nikamwambia.

"Basi uliza. Tunakusubiri."

Nikayauliza yote sita, na mwanangu akanijibu moja baada ya jingine.