Tangi Refu la Taa

Watu wanne walilipandisha tangi ngazini wakihema, na kabla halijafika mlangoni kwangu nilishajua fundi hakunielewa. Kichwa ndicho kilichotangulia. Na kweli lilikuwa na kichwa: kifuniko cha mbao kilichopakwa vanishi, chenye matundu mawili ya balbu na waya mweusi uliokunjwa vizuri. Walipolisimamisha sebuleni lilinipita kimo, likakaa pale kama kabati la nguo.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Tangi refu la taa, mama." Fundi wa vioo alijifuta jasho kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi nzuri. "Nimekuwekea mbili, kama ulivyosema. Washa uone."

"Taa samaki!"

Akanitazama, akatazama balbu ya darini, akanitazama tena. "Samaki gani huyo anaitwa taa?"

Miaka mingi imepita na bado nikikumbuka damu inanichemka. Nilikuwa nimemweleza kwa simu huku nikishona mapazia ya mteja, cherehani ikinguruma: nataka tangi refu, la taa. Akauliza taa ngapi. Nikamjibu mbili. Kwangu mimi refu lilikuwa kutoka dirishani hadi mlangoni. Kwake lilikuwa kutoka sakafuni kwenda darini. Lugha ilinisaliti mara mbili kwa mpigo. Mume wangu, mwalimu, alicheka hadi akakaa chini.

"Kosa la ngeli, mke wangu. Ungesema 'wawili' tusingefika hapa."

Sikucheka. Mle ndani ni mimi peke yangu niliyejua kilichokuwa kinaponyoka.

Kaka yangu wa pekee alikuwa anahamia ng'ambo kikazi. Alikuwa na taa wawili wa mtoni, wale wasiotaka chumvi, mviringo kama sahani, wenye madoa ya manjano mgongoni na mwiba mkiani. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na taa. Jamaa kadhaa waliwaomba, wote wakanyimwa. Nilipoomba mimi, ambaye nyumbani niliitwa Vunja kwa sababu ya vikombe, glasi na saa ya ukutani ya baba, alisema, "Tafuta tangi. Nikiliona nitaamua." Katika ukoo ule sikuwahi kukabidhiwa chochote kinachoweza kuvunjika, sembuse chenye uhai. Niliwataka wale samaki kuliko kitu kingine chochote mwaka ule.

Masharti yake yalikuwa mafupi. "Kimo hakiwahusu. Taa hapandi, anatambaa. Mpe sakafu." Tena sakafu pana, maana mwili wake ni bapa kama chapati na lazima ageuke bila kujikwaruza. Mchanga laini, hakuna mawe makali. Chujio kubwa, kwa kuwa wanakula sana na kuchafua sana. Na maji yazunguke kwenye chujio majuma kadhaa kabla hawajatiwa, la sivyo uchafu wao wenyewe utawaua. Majuma yenyewe ndiyo hayo yaliyokuwa yanayeyuka.

"Livunje," nilimwambia fundi.

"Mama, kazi nzuri hivi?"

"Kuuliza si ujinga, fundi. Ungeuliza."

"Niliuliza, mama. Niliuliza taa ngapi."

Mume wangu akatoka nje kwenda kucheka huko.

Fundi alilikata kwa wembe, gundi kwa gundi, akinung'unika, kisha akalijenga upya likiwa limelala. Sasa lilikuwa refu kwa namna yangu. Lakini upana ulibaki uleule. Vioo vizito vya aina ile vilikuwa vimekwisha dukani kwake, na kungoja vingine kungenimalizia muda. "Samaki wenyewe si wadogo, mama? Watazoea." Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nilijua, nikatulia nipakwe. Niliosha mchanga hadi vidole vikachubuka. Nikawasha chujio, nikawa kila jioni nalitazama tangi lile tupu, nimekasirika na kila mtu, nikisikiliza maji yakizunguka bila mwenyewe.

Kaka alifika karibu na siku ya safari, amebeba taa wake kwenye ndoo kubwa yenye kifuniko. Hakukaa. Aliweka mkono juu ya tangi, kiwiko kwenye ukingo mmoja, na vidole vikapita ukingo wa pili.

"Kwa sasa wataingia," akasema. "Mwakani hawatageuka."

"Mwakani nitajenga lingine."

"Kila mtu husema hivyo."

Hapo nikalipuka. Nilimwambia kwamba nimeolewa, nimelea, nimeshonea mapazia nusu ya mji huu na hakuna hata moja lililowahi kupungua, lakini kwake yeye bado ni Vunja, na nitazikwa nikiwa Vunja. Nilisema mengi mengine ambayo hayakuwa na maana. Nililia kwa hasira, kitu ninachokichukia. Mume wangu alikuwa amekwisha kuacha kutabasamu. Kaka alisikiliza hadi mwisho.

"Sikuja kukupima wewe, mdogo wangu," akasema. "Nimewapima wao."

Hakuna neno lililowahi kuniudhi kama lile, kwa sababu sikuona pa kulipinga.

Alasiri hiyohiyo tuliwapeleka kwa rafiki yake, daktari wa meno, aliyekuwa na tangi kwenye chumba cha kungojea wagonjwa. Kaka aliniomba nimsindikize. Nilimsindikiza nimenuna njia nzima, ndoo mapajani. Tangi la daktari lilikuwa pana kama kitanda. Taa walimiminwa, wakazunguka mara moja, wakashuka na kujifukia mchangani hadi yakabaki macho tu. Kaka aligeukia ukutani, akasimama hivyo muda mrefu, mabega yakimtikisika. Daktari akaniambia nije kuwaona wakati wowote, hata kama sina jino bovu. Wagonjwa wakacheka.

Mimi nikatoa futi kamba yangu mkobani na, mbele ya watu wote wale, nikapima upana wa lile tangi, nikiomba usitoshe. Ulitosha, na ukabaki.